Hatamu Saba Zilizobaki Ng'ambo

Saa mbili na robo asubuhi, Zuurakan Bekturova amesimama kwenye dirisha la kituo cha mpaka, anamtazama askari wa Kazakhstan anavyougeuza waraka wake juu chini, chini juu, kama mtu anayekagua soksi kabla ya kuivaa.

"Wewe ni polisi?" anauliza askari.

"Hapana."

"Wakili?"

"Hapana. Mimi nachanja ng'ombe."

"Sasa barua hii yenye mihuri minne unaipeleka kwa nani?"

"Kwa farasi," anajibu Zuurakan. "Wananisubiri."

Foleni nyuma yake inaangua kicheko. Mama mmoja aliyekalia gunia la maharage anapaza sauti: "Mpitishe bwana, hao farasi wamechoka kusimama!" Askari naye anacheka, anagonga muhuri wa tano.

Leo ni Ijumaa, siku ya tisa. Kilomita arobaini kutoka dirisha hili, farasi majike saba wa mzee Asankojo wa kijiji cha Bel-Terek, Kyrgyzstan, wamezuiwa katika ua wa polisi wa mji mdogo wa Karashoky. Kwa amri iliyotolewa kule, watazuiwa siku kumi tu. Kesho jioni, kama hakuna aliyewatambua kwa njia inayokubalika mahakamani, watarudishwa kwa mfanyabiashara wa nyama aliyekutwa nao. Na mfanyabiashara wa nyama hamfugi farasi ili amwimbie.

Upande huu, juu malishoni, watoto saba wa majike hao wamefungwa kwenye kamba yao ndefu. Wamelia mpaka sauti zimewakauka.

Zuurakan ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa msaidizi wa daktari wa mifugo hapo Bel-Terek. Mshahara wake ni som 13,500 kwa mwezi, na kila mwezi sehemu yake inaishia kwenye vocha za simu na teksi za kwenda mpakani, kwa kazi ambayo haimo kwenye barua yake ya ajira.

Kazi hiyo imo kwenye daftari. Ni daftari nene la jalada jeusi, na ndani yake amechora kwa mkono wake alama 412: kila familia ya bonde hili na la jirani, na chapa yake inayochomwa kwenye paja la farasi, na namna yake ya kukata sikio la kondoo. Wenzake wametundika picha za wajukuu ukutani. Yeye ana mapaja ya farasi.

"Mume wangu alikuwa akiniuliza, hivi ukifa nikuandikie jina kaburini au nikuchomee chapa?" anasema huku akicheka. "Nikamwambia andika jina, chapa watanikosea."

Polisi wa pande zote mbili wanamjua. Mnyama akikamatwa huku au kule, simu inalia kwa Zuura-eje. Ndivyo wanavyomwita, yaani dada mkubwa, hata wale wenye mvi kumzidi.

Lakini heshima hiyo ilianza kwa aibu.

Miaka tisa iliyopita, farasi watano wa kijiji waliibwa wakavushwa mto wa mpakani. Siku ile ile afisa mmoja kijana wa Kazakhstan aitwaye Dosbol alipiga simu: amewaona, njoo. Zuurakan alienda. Hakuvuka kwa dirisha wala kwa muhuri. Alivuka kwa maji ya magotini, kama bibi yake alivyovuka kwenda harusini. Alizitambua chapa, akanywa chai kwa kina Dosbol, wakamchinjia kondoo, na jioni akarudi na farasi watano mbele yake. Kijiji kizima kilimpokea kwa shangwe.

Miezi miwili baadaye hakimu aliuliza swali moja: farasi hawa walivukaje? Hakuna barua iliyoombwa, hakuna barua iliyojibiwa. Ushahidi ukatupwa nje. Farasi wakaamriwa warudi ng'ambo walikokutwa mpaka taratibu zifuatwe, na mtuhumiwa aliyekutwa nao akatoka mlangoni akiwa huru.

"Alinipita pale barazani, akaweka mkono kifuani kwa adabu zote," anakumbuka Zuurakan. "Akaniambia, 'Ahsante, eje, kwa kunitunzia farasi.' Herufi nilizijua tangu shule. Kusoma nilijifunza siku ile."

Dosbol naye alipokonywa nyota moja begani. Leo amezirudisha zote na kuongeza, ni meja, lakini kidonda hakijasahaulika. "Siku hizi chai nakunywa baada ya sahihi," anasema.

Ndiyo maana Alhamisi ya wiki iliyopita, Meja Dosbol alipompigia simu (kwao dada mkubwa ni apke), mazungumzo yao yalikuwa hivi:

"Apke, nina majike saba hapa. Chapa ya mwezi na fimbo mbili."

"Hao wa Asankojo. Waliibwa jana."

"Usije."

"Siji."

"Usije mpaka uitwe!"

"Dosbol, nimesema siji! Ulitaka niape kwa mkate?"

Wizi wenyewe ulifanyika mchana kweupe, kama mchana wenye ukungu unaweza kuitwa mweupe. Majike walikuwa bondeni wanakula majani. Watoto wao walikuwa wamefungwa juu, karibu na hema la mzee, kama ilivyo ada, ili mama zao wasiende mbali. Lori la nyasi kavu lilipanda, lori likashuka. Hakuna aliyeshtuka, mwezi Julai malori ya nyasi ni mengi kama nzi. Saikal, mke wa Asankojo, alipotoka na ndoo ya kukamulia, alikuta samadi ingali na mvuke na farasi hakuna.

"Nilisimama pale na ndoo yangu," anasema Saikal. "Nikajiambia labda wamejificha kwenye ukungu, wananitania."

Majike wale ndio duka la wazee hawa wawili. Maziwa ya farasi yakishachachuka yanakuwa kymyz, nayo wanaiuza kando ya barabara kwa som 120 lita moja. Kiangazi kimoja kikienda vizuri kinalipa makaa ya mawe ya baridi nzima, unga, na dawa za presha za mzee. Lakini jike asiyekamuliwa wala kunyonywa, maziwa hukauka. Kwa hiyo hata wakirudi wazima, wakichelewa wanarudi watupu.

Barua ya kuomba ushirikiano kutoka nchi moja kwenda nyingine haikati mto kama farasi. Inapanda kutoka wilayani hadi makao makuu, inaruka kwenda makao makuu ya wenzetu, kisha inashuka mkoani, inashuka tena wilayani. Siku hizi inatumwa kwa mashine, ila mihuri bado inatembea kwa miguu.

Kapteni Ryskeldi, mpelelezi wa wilaya, kijana mwepesi na mwenye nia njema, aliipandisha barua yake Ijumaa, siku ya pili, wakati Zuurakan yuko milimani anachanja kondoo. Jumatatu asubuhi Zuurakan akaomba kuona nakala. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Ryskeldi, mdogo wangu. Hapa umeandika 'farasi saba, rangi kahawia'."

"Ndiyo, eje. Si ni kahawia?"

"Unanituma Kazakhstan nikatafute farasi wa kahawia? Si ungenituma tu mtoni nikatafute maji?"

Akamtajia mmoja mmoja: yule wa rangi ya mchanga mwenye mstari mweusi mgongoni, yule mwekundu mwenye soksi moja nyeupe nyuma, mpaka wa saba. Kapteni akaandika huku jasho linamtoka. Akadhani wamemaliza.

"Sasa andika hatamu," akasema Zuurakan.

"Hatamu?"

"Kamba walizovaa kichwani. Saikal amenieleza zote, amezisuka mwenyewe."

"Eje, tunatafuta farasi au kamba? Barua imeshatiwa sahihi na mkubwa!"

"Basi mkubwa ana kalamu. Ataitia tena."

Barua ikarudishwa chini, ikaandikwa upya, ikapanda tena Jumanne. Kwa masihara hayo, kama wengi walivyoyaita, siku nzima ikapotea. Mzee Asankojo, mtu wa maneno machache, alimfuata Zuurakan hadi kwenye zizi la kuchanjia akamfokea mbele za watu: "Wewe unaipamba barua, mimi nahesabu siku! Hivi inaenda kuolewa?"

Zuurakan akaendelea kuchanja. Anakiri kwamba hakulala vizuri tangu siku hiyo mpaka Alhamisi mchana, jibu lilipofika: shahidi Bekturova anaruhusiwa kuvuka.

Saa tano kasoro, ua wa polisi wa Karashoky umejaa jua na samadi. Yupo Meja Dosbol, mpana kama mlango wa ghala. Yupo mwendesha mashtaka Togzhan, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyelelewa mjini, amevaa viatu vyeupe vyenye ujasiri mkubwa kwa mahali kama hapa. Yupo mfanyabiashara wa nyama, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa kuwa kesi ingali inaendelea, ndani ya jaketi safi la ngozi. Na pembeni yupo mzee mmoja mlisha farasi, anasukuma toroli.

Majike wanatolewa mmoja mmoja. Mwekundu mwenye soksi nyeupe anamnusa Zuurakan mkono, anauacha. Anamkumbuka kwa sindano.

"Chapa hii ni ya nani?" anauliza Togzhan.

"Ya Asankojo. Mwezi na fimbo mbili, ukurasa wa thelathini na nane."

"Mimi sijakataa," anadakia mfanyabiashara. "Walikuwa wake. Ameniuzia, na karatasi ya mauzo hii hapa na sahihi yake."

Kuipima sahihi hiyo kwa mtaalamu kutachukua wiki sita. Amri ya kuwazuia imebakiza siku moja na nusu.

"Shahidi," anasema Togzhan, bila ukali, "chapa inaniambia farasi ni wa zizi gani. Hainiambii alitokaje huko."

"Kweli kabisa," anasema Zuurakan.

Meja Dosbol anamwangalia kama kocha anayemwona beki wake akijifunga goli.

"Ila naomba kuuliza," anaendelea Zuurakan. "Wako vilevile walivyokamatwa?"

"Vilevile," anasema Dosbol. "Nimekataza mtu kuwagusa vichwani."

"Basi, mwendesha mashtaka, muulize bwana huyu. Hizo hatamu ni zake?"

Mfanyabiashara anacheka. "Za nani tena? Nimenunua farasi na hatamu zake. Vyote ndani ya bei."

Mzee wa toroli analiacha toroli.

"Ati nini?" anasema mzee.

"Nimenunua... farasi na hatamu zake," anarudia mfanyabiashara, safari hii taratibu kidogo. Ni mtu aliyezoea kununua nyama kwa kilo; miaka mingi farasi wanamfikia wakiwa vipande.

"Nani huyo kakuuzia na hatamu? Kichaa?"

Togzhan anawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini? Mbona mnaangaliana?"

"Mkuu," anasema Dosbol, na kofia ameivua bila kujua, "mtu akiuza farasi, anamvua hatamu anabaki nayo. Anamkata na kishungi cha manyoya ya shingoni, anakitundika mlangoni kwake. Anauza farasi, baraka ya zizi haiuzi. Mnunuzi anakuja na kamba yake. Kwao ni hivyo, na kwetu ni hivyo."

"Hata mkwe akipewa zawadi?" anauliza Togzhan.

"Hata mkwe. Mkwe hasa!" anasema mzee wa toroli.

"Hiyo ni mila," anasema Togzhan. "Mahakamani nitasimama na mila?"

"Mahakamani utasimama na barua," anasema Zuurakan. "Fungua barua yetu, ukurasa wa pili, mstari wa mwisho."

Togzhan anafungua, anasoma kwa sauti: "Hatamu saba nyeusi za manyoya ya farasi, mistari miwili ya buluu, fundo liko shavu la kushoto. Moja imeungwa kwa uzi mwekundu." Anatazama tarehe. Jumanne, na mihuri juu yake. Kufikia siku hiyo, hakuna mtu wa Bel-Terek aliyekuwa amewatia macho farasi hawa tangu waibwe.

Kisha viatu vyeupe vinaingia kwenye samadi. Togzhan anakwenda jike kwa jike, anainua kila shavu la kushoto, anapitisha vidole kwenye kila shingo akitafuta mahali palipokatwa. Hakuna. Kwa jike wa sita anasimama kwa muda. Uzi mwekundu upo pale, umefifia kwa jua.

Anaporudi, hasemi neno la sheria.

"Baba yangu alipouza gari letu," anasema, "alichomoa kishikio cha gia akaondoka nacho. Mnunuzi akabadilisha gia kwa kushika chuma kitupu. Mama alimwita mchoyo mbele ya wageni. Mpaka leo kile kishikio kiko juu ya kabati."

"Si uchoyo ule, binti yangu," anasema mzee wa toroli.

"Ndiyo naelewa leo." Togzhan anamgeukia mfanyabiashara. "Hatamu saba, manyoya hayajaguswa. Huyo aliyekuuzia, yeye alibaki na nini?"

"Na pesa!"

Mzee anacheka mpaka anashikilia toroli asianguke. Dosbol hacheki. Anaandika.

Hati ya utambuzi ilikuwa na kurasa kumi na tatu kwa lugha mbili, na Zuurakan alitia sahihi kila ukurasa. Alisoma kila mmoja kwanza, kidole juu ya mstari, huku wote wakimsubiri. Alasiri ile amri ya kuwazuia majike ikaongezwa. Usiku haujaingia, Kapteni Ryskeldi alikuwa amepokea kutoka ng'ambo namba ya simu iliyokutwa kwa mfanyabiashara, na Jumamosi dereva wa lori la nyasi akakamatwa upande wa huku, kwa barua, kwa muhuri, bila mtu kuvuka maji. Mfanyabiashara mwenyewe anashikilia kwamba naye alitapeliwa. Hilo ni la hakimu.

"Sasa chai," alisema Dosbol alipofunga kalamu. Akamchokoza: "Apke, mila hiyo ya hatamu lakini mmeiga kwetu."

"Tungeiga kwenu tungekuwa tunaiba farasi vizuri zaidi," akamjibu, akachukua kipande cha pili cha mkate.

Yangekwama hapo mambo mengi, maana farasi hawarudishwi nchi nyingine kabla ya kesi bila vipimo vya afya, na vipimo huchukua wiki. Zuurakan alikuwa navyo mkobani: damu ya kila jike, imepimwa mwezi Mei, karatasi saba. Togzhan aliomba idhini wakabidhiwe kwa Asankojo kwa dhamana, na Jumatano majike wakavuka kwa daraja, kwenye dirisha lile lile, askari yule yule akiwahesabu.

Walivuka wamefungwa vipande vya kamba ya nailoni vya polisi. Hatamu zilibaki Karashoky, ndani ya gunia lenye lakiri, kama vielelezo.

Juu malishoni watoto waliwasikia kabla ya kuwaona. Kamba iling'oka na vigingi vyake. "Saikal alilia, mimi nikatafuta ndoo," anasema mzee Asankojo, na kwake hiyo ni hotuba. Wanne wanakamuliwa mpaka sasa. Watatu wamekauka, hao hawatatoa kitu mpaka kiangazi kijacho. Kwa wazee hawa, hiyo ni karibu nusu ya makaa ya baridi hii.

Zuurakan alipopanda wiki iliyopita kuwapima damu tena, alikuta majike wanatembea vichwa wazi. Ndani ya hema, karibu na mlango, vigingi saba vya hatamu vilikuwa vitupu. Saikal alikuwa na manyoya mapya tayari, yamesokotwa, lakini mumewe hataki asuke.

"Zile ndizo zenye baraka yangu," alisema Asankojo. "Ziko nchi ya watu, gunia limefungwa. Farasi niko nao, sina hatamu. Si ni kama mimi ndiye nimewanunua?"

Zuurakan hakumcheka, ingawa ni mtu wa kucheka. Kesi imepangwa kusikilizwa mwezi Septemba, na ameshaitwa, kwa barua, kama shahidi. Ameuliza kwa maandishi vielelezo vitarudishwa lini. Amejibiwa kwa maandishi kwamba ni baada ya hukumu, kwa mtu mwenye idhini ya mwenye mali. Idhini ameitoa mkobani pale pale, imeshachapwa. Asankojo alitia sahihi akitumia mgongo wa ndoo kama meza.

Ana ndoto kubwa kuliko hiyo: daftari moja la chapa za pande zote mbili za mto, lenye nguvu ya kisheria huku na kule, ili siku moja mpelelezi afungue ukurasa badala ya kumpigia simu mama wa kuchanja ng'ombe. Ameiandikia kila ofisi anayoijua kwa miaka mitatu. Ofisi moja imemjibu kwamba barua yake imepokelewa. "Nimeiweka vizuri hiyo," anasema. "Ina muhuri."

Togzhan ameahidi kuibeba hoja hiyo kwenye kikao cha waendesha mashtaka wa mikoa ya mpakani vuli hii. Ameomba apelekewe kurasa hamsini za mwanzo. Zuurakan anazichora upya kila jioni, chapa baada ya chapa, mezani pa jikoni.

Lakini kwanza Septemba. Kabla ya kushuka mlimani siku ile, alisimama mlangoni mwa hema, akagusa kigingi cha kwanza, kisha akamgeukia mzee, ambaye alikuwa tayari ameshika koti la mvua akitafuta pa kulitundika.

"Hapo usitundike," akamwambia. "Naenda kuzileta."